Buli la Fedha na Mkono Ulioifua

Ewe msomaji wa Kericho au Bomet, chai waijua tangu shambani. Umewaona wachumaji wakichuma majani mawili na chipukizi lake, vikapu vikijaa migongoni. Leo nakuomba ukitazame chombo cha kumiminia chai, yaani buli la fedha lililofuliwa China kwa ajili ya wageni.

Tangu 1757 hata 1842 merikebu za Uingereza ziliruhusiwa kununua chai katika bandari moja tu ya China, nayo ni Guangzhou. Sehemu kubwa ya malipo ilikuwa madini ya fedha. Wafua fedha wa mji ule walitengeneza mabuli na vijiko, wakawauzia wageni wale wale.

Kazi zao za kwanza zafanana mno na za London, hata chapa za chini zimeigwa: simba na kichwa cha mfalme. Wako wasemao kwamba huo ni udanganyifu mtupu. Mimi naona yafaa tutenge mambo mawili: chapa ni ya uongo, lakini ufundi ni wa kweli.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mapambo ya Kichina yalizidi. Mkono wa buli ukawa na umbo la mwanzi, na joka likazunguka tumbo lake. Mkono ule wapendeza, kwani jicho huuona mwanzi na kiganja hupata pa kushika. Bali joka likijaza chombo kizima, pambo limekimeza chombo. Limefuliwa ili kumridhisha mnunuzi apendaye maajabu.

Lakini liko jambo kubwa zaidi. Ligeuze buli. Huenda ukaona herufi WH, yaani Wang Hing, duka lililouza vyombo hivi Guangzhou na Hong Kong. Kando yake mara nyingi pana chapa ndogo ya maandishi ya Kichina: hiyo ndiyo ya fundi au karakana iliyokifua chombo. Wanunuzi wa ng'ambo walizisoma herufi za duka. Chapa ya fundi hawakuweza kuisoma, na sifa zote zikaenda dukani.

Je, jambo hili ni geni kwako? Pakiti ya chai hutaja kampuni, wala haimtaji mchumaji. Basi, kabla hujaisifu kazi yo yote, igeuze kwanza, uulize: ni mkono wa nani ulioifanya?