Mauti Anayejisikiliza

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alinipa The Book Thief niisome, akaweka na dau: nikimaliza bila kutoa chozi, soda juu yake. Nilimaliza kwa siku nne, nikajishindia soda, na ushindi wenyewe ukaniudhi. Kitabu hiki cha Markus Zusak kilitoka Australia mwaka 2005, kikasomwa na mamilioni, kikatengenezewa filamu mwaka 2013, na popote kinapotajwa watu hushika kifua. Liesel, mtoto wa Kijerumani anayeiba vitabu zama za Hitler, wazazi wa kulea wanaoficha Myahudi chini ya nyumba, mabomu: malighafi ya kuliza hata jiwe imo. Nikaanza upya, safari hii kama fundi cherehani anayefumua koti la mwenzake kuona mshono umevuta wapi.

Umevuta kwa msimulizi. Zusak amempa Mauti kazi ya kusimulia. Sisi tumekua na Izraili. Tunamjua kwa jina na kwa kazi yake, mtoa roho asiyepokea rushwa wala kuuliza umri. Kwa hiyo Mauti kupewa ulimi hakukunishangaza. Kilichonichosha ni gumzo lake. Izraili wa hadithi za bibi alikuwa na haraka zake. Huyu wa Zusak ana nafasi ya kutosha: anatueleza rangi ya mbingu kila achukuapo roho, uchovu wake, likizo asiyoipata. Na kila baada ya kurasa chache anasimamisha hadithi ili abandike tangazo katikati ya ukurasa, kwa wino mzito, lenye vinyota kando: maana ya neno fulani, au siri ya mtu fulani. La kwanza na la pili unatabasamu. Kufikia la thelathini unajiona kama abiria wa basi linalosimama kila mti.

Tazama tangazo moja linavyofanya kazi. Rudy Steiner ni jirani wa Liesel, mvulana mwenye nywele za rangi ya limau ambaye aliwahi kujipaka masizi mwili mzima akaenda kukimbia uwanjani usiku, yeye eti mwanariadha mweusi Jesse Owens. Karibu na katikati ya kitabu, mhuni mmoja anampokonya Liesel kitabu na kukitupa mtoni. Baridi ni kali. Rudy anaingia majini hadi kiunoni, anakipata, anasimama palepale akitetemeka na kumwomba Liesel busu. Hapo hapahitaji nyongeza. Maji, kitabu kilicholowa, na mtoto anayefanya mzaha ili mapenzi yake yasionekane. Mauti hakubali. Anaingia na tangazo kwamba Rudy hakustahili kufa kifo alichokufa, kisha anatuchorea maiti na busu litakalofika wakati mwenyewe hana habari nalo. Tukirudi mtoni, yule Rudy wa majini keshakuwa picha ya marehemu ukutani.

Kuujua mwisho hakuui hadithi. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya Seyyidna Huseni husikilizwa na watu ambao wote wanajua yatakayotokea Karbala, na uchungu haupungui. Mshairi anajua, msikilizaji anajua, na wote wawili wanamtazama Huseni. Kwa Zusak, tangazo likitoka, macho yanahamia kwa mtangazaji. Mahali fulani Mauti anakiri kwamba amekosa adabu kwa kutuharibia mwisho, na ungamo lenyewe limevishwa kilemba.

Halafu Mauti hadhuriki. Hana cha kupoteza, na anayesimulia bila cha kupoteza hupata taabu kutuambukiza hofu. Uri Orlev, aliyeuishi utoto wake ndani ya geto la Warsaw, alifanya kinyume katika The Island on Bird Street ya mwaka 1981: mvulana Alex, peke yake kwenye gofu pamoja na panya wake mweupe, anajua tu anayoyaona na kuyasikia. Nyayo zikipita nje, msomaji naye anabana pumzi.

Zusak naye anaiweza kazi hiyo akitaka, ndiyo maana namlaumu. Kuna sura ambapo mtu wa chama cha Nazi anapita nyumba hadi nyumba kukagua vyumba vya chini, kuona kipi kinafaa kuwa handaki la kujikinga na mabomu. Max, Myahudi wao, yumo humo chini. Liesel, aliye mtaani akicheza mpira, anajiumiza makusudi ili apate njia ya kuwapasha habari wazazi wake. Mkaguzi anashuka. Anapanda. Chumba hakina kina cha kutosha, anasema, na anakwenda zake. Nilikuta nimekunja vidole vya miguu.

Bora zaidi ni kurasa za Max. Hana karatasi. Anachukua kurasa za Mein Kampf ya Hitler, kitabu kilekile alichosafiri nacho ili asishukiwe, anazipaka rangi nyeupe ya Hans, baba wa kulea wa Liesel, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba, na anazianika kwenye kamba. Zikikauka anaandika na kuchora juu yake hadithi ya kurasa 13, zawadi ya Liesel ya siku ya kuzaliwa. Michoro imechapwa kitabuni, kazi ya Trudy White, na chini ya rangi herufi za zamani bado zinachungulia, kama doa linavyochungulia kwenye ukuta uliopigwa mkono mmoja wa rangi. Katika kurasa hizo Mauti amenyamaza, na sikuhitaji kuelezwa kitu.

Zusak amesimulia kwamba mbegu ya riwaya ni habari za mama yake, aliyekulia karibu na Munich: mbingu iliyowaka baada ya mabomu, na kijana aliyempa mkate mzee wa Kiyahudi aliyekuwa akiswagwa barabarani, wote wawili wakachapwa. Kitabuni mkate huo anautoa Hans. Nadhani mama aliisimulia kwa sentensi tatu.

Nilipomrudishia mpwa wangu kitabu nilimwuliza alivumiliaje Rudy kutangaziwa kifo mapema vile.

“Alitangazwa wapi, mjomba?”

Nikamfungulia ukurasa. Akausoma, akasonya.

“Ah, huyu! Kila akianza kujiongelea nilikuwa naruka.”