Ustadi Usiookoa

Norman Maclean alikuwa amepita umri wa miaka 70 alipotoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi, A River Runs Through It, mwaka 1976. Mdogo wake, Paul, aliuawa mwaka 1938. Ilimchukua karibu miaka 40 kulitamka jambo hilo, na alipolitamka alilipitishia katika uvuvi.

Mto ni Blackfoot, jimbo la Montana, Marekani, na samaki ni trauti, yule ambaye Waingereza walimpandikiza pia katika mito ya milima ya Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Uvuvi wenyewe hautaki nyavu wala madema. Mvuvi hufunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana mpaka zifanane na mdudu, kisha huurusha mshipi ili mdudu huyo bandia atue majini taratibu. Mwezi Juni, maji ya theluji yanapoanza kupungua, wadudu wakubwa hutambaa kutoka chini ya mawe ya mto, hujivua gamba na kuruka, na trauti huwavizia. Baba wa vijana hawa, mchungaji wa Kipresbiteri, aliwafundisha wanawe kurusha mshipi kwa mapigo manne yaliyohesabiwa, kama wanafunzi wa muziki.

Lipo jambo moja linalonikera katika kitabu hiki. Shemeji wa msimulizi anayekwenda mtoni na kopo la kahawa lenye minyoo hudharauliwa kupita kiasi. Kwa msomaji wa pwani yetu au wa Ziwa Nyanza, ambako samaki ni kitoweo na karo ya mtoto, hayo ni madaha ya mtu aliyeshiba. Chambo ni chambo.

Hata hivyo, nikiisoma hadithi mpaka mwisho, naona dharau hiyo inamrudia msimulizi mwenyewe. Paul ndiye mvuvi asiye na mfano, na ndiye mlevi, mcheza kamari, mwenye madeni. Kaka mtu anaweza kuyasoma maji na kujua trauti kajificha nyuma ya jiwe lipi, lakini hajui amwambie nini mdogo wake wakiwa ndani ya gari moja. Anataka kusaidia, ila hajui msaada gani unahitajika, wala kama utapokewa. Mwenye minyoo anabaki hai. Bingwa anapigwa hadi kufa. Baba anapotaka kujua zaidi kuhusu kifo hicho, kaka mtu hana la hakika ila kwamba Paul alikuwa mvuvi hodari.

Filamu ya Robert Redford ya mwaka 1992 ilipata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha, na ilistahili. Lakini mwangaza ule mzuri juu ya maji humfanya mtazamaji aondoke akitamani kununua fimbo ya kuvulia. Kitabu humfanya msomaji amfikirie ndugu yake. Wengi wetu tunaye mmoja wa namna ile: tunacheka naye, tunamsifu kwa kazi ya mikono yake, na tunapita kando ya lile linalomla. Maclean hatufundishi la kufanya. Anatuonyesha tu kwamba kumpenda mtu, na hata kumstaajabia, si sawa na kumfikia. Kwa hilo namwia radhi kopo la minyoo.