Kiwanuka: 37.5 kwa chuo, 38.5 kwa mshahara

Mathias Kiwanuka alipomaliza kucheza futiboli ya Kimarekani katika chuo cha Boston College mwaka 2005, alikuwa amewaangusha makwotabeki mara 37.5, rekodi ya chuo hicho. Nusu hiyo isikushangaze: walinzi wawili wakimwangusha mtu pamoja, kila mmoja anaandikiwa nusu. Alipoachana na klabu ya New York Giants mwaka 2015, baada ya misimu tisa ya kulipwa, hesabu yake ya huko ilikuwa 38.5.

Mwenye haraka ataziweka namba hizo mbili kwenye karatasi moja, agawanye kwa misimu, na kusema kijana alishuka kiwango. Nadhani anakosea. Chuoni alikuwa na kazi moja. Kwenye klabu alipewa mbili, na ile ya pili hakuwahi kufundishwa.

Kwa msomaji wa Kanazi, au popote kati ya Bukoba na Muleba, jina lenyewe ni la jirani. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka wa chama cha DP, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda kabla ya uhuru, kisha Jaji Mkuu. Askari wa Idi Amin walimtoa ndani ya Mahakama Kuu mjini Kampala Septemba 1972, na hakurudi. Miaka sita baadaye jeshi hilo hilo likavuka mpaka wa Mutukula na kuvunja daraja la Kyaka, kwa hiyo wazee wa huku hawahitaji kusimuliwa Amin alikuwa nani. Mjukuu alizaliwa Indianapolis, Machi 8, 1983, akasoma sekondari ya Cathedral mjini humo humo kabla ya kwenda Boston.

Mchezo kwa kifupi, maana huku kwetu tumezoea mpira wa miguu wa Kaitaba. Kila upande una watu 11. Wanaoshambulia wana majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wakizifikisha wanaanza hesabu upya, wakishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira na kuamua: aurushe, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Mpokeaji wa pembeni ndiye anayechomoka kando ya uwanja kwenda kuudaka mbali. Magazeti humpenda, watoto huvaa jezi yake. Kiwanuka alikuwa mharibifu wa shughuli hiyo. Alikuwa mlinzi wa ukingo, anayeanzia mwisho wa safu ya mbele, na kazi yake ni kumfikia kwotabeki kabla mpokeaji hajapata nafasi. Kwotabeki mzuri hakai na mpira zaidi ya sekunde tatu hivi. Kazi yote ya mlinzi wa ukingo inaanza na kuisha ndani ya muda wa mtu kupiga chafya mbili.

Sekunde hizo tatu zinatumikaje? Mbele ya mlinzi kuna mkinga, jitu lenye kilo 140 au zaidi, ambalo linarudi nyuma kwa hatua fupi za pembeni, mikono tayari mbele ya kifua. Mkinga anataka kitu kimoja tu: kukushika kifuani. Akikupata hapo, anakupeleka anakotaka. Hatua ya kwanza ya mlinzi inafuata mpira wenyewe unapoinuka, si sauti ya kwotabeki, kwa sababu kwotabeki huchezesha sauti makusudi ili uruke mapema. Kufikia hatua ya tatu lazima uwe umelingana bega kwa bega na mkinga. Hapo unapiga kifundo cha mkono wake kabla hajaunyoosha, unapitisha mkono wako chini ya kwapa lake, unainamisha bega la ndani karibu na goti, kisha unakata kona. Ukikata kona umesimama wima, anakusukuma nje ukapite nyuma ya kwotabeki kama mtu aliyekosa daladala. Kiwanuka alikuwa na futi sita na inchi tano, kama mita 1.96, na mikono mirefu kuliko kawaida hata kwa wenzake. Kwa hesabu ya kifua, mwenye mkono mrefu anagusa kwanza.

Chuoni hilo lilimtosha. Mwaka 2004 alichaguliwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Lakini tuulize alikuwa anawapita akina nani. Wakinga wengi wa vyuo hawafiki kwenye ligi ya kulipwa. Wengine wanaishia kuwa walimu, wanasheria, wauza magari. Mwenye mikono mirefu na hatua ya kwanza ya haraka anaweza kuwachukua hao kwa mbinu moja msimu mzima. Klabu zinapomtazama mchezaji wa chuo, huo ndio mtego zinaouogopa: hazijui kama namba zake zimetoka kwake au kwa udhaifu wa waliosimama mbele yake.

Usajili wa vijana hawa unakwenda kwa zamu, kila klabu ikichagua kwa mpangilio, iliyofanya vibaya ikitangulia na bingwa akimalizia. Wamarekani wanauita drafti. Aprili 29, 2006, Giants walikuwa na zamu ya 25. Pittsburgh Steelers walikuwa na ya 32, ya mwisho katika raundi ya kwanza, kwa kuwa walikuwa wametoka kutwaa ubingwa. Steelers walimtaka mpokeaji wa pembeni wa chuo cha Ohio State, Santonio Holmes, na walihofia hatafika 32. Wakawapa Giants zamu yao ya 32 pamoja na nyingine mbili za chini, ya 96 na ya 129, wakapanda hadi 25, wakamchukua. Akawa mpokeaji wa kwanza kuchaguliwa mwaka huo. Giants wakasubiri, na ilipofika 32 wakamtaja Kiwanuka.

Ni biashara ninayoipenda kuitazama, kwa sababu haikuwa na mjinga. Februari 2009 Holmes alidaka mpira wa ushindi kwenye kona ya uwanja, vidole vya miguu vikigusa nyasi kwa shida, Steelers wakachukua Super Bowl na yeye akawa mchezaji bora wa fainali. Giants nao walipata mtu wa kukaa naye miaka tisa.

Lakini kuna jambo la ajabu kidogo. Giants hawakuwa na nafasi ya mlinzi wa ukingo. Walikuwa na Michael Strahan upande mmoja, Osi Umenyiora upande wa pili, na kijana Justin Tuck aliyekuja mwaka mmoja kabla. Kocha Tom Coughlin aliamini kwamba walinzi wa aina hiyo hawawezi kuwa wengi kupita kiasi. Gharama ya imani hiyo alikuja kuilipa mchezaji mwenyewe.

Kabla ya hapo ikaja Novemba 26, 2006, jijini Nashville, dhidi ya Tennessee Titans. Giants walikuwa wameongoza 21-0 hadi robo ya nne, wakajikuta wako 21-14. Titans wamebaki na jaribio la nne na yadi 10 za kwenda; wakishindwa, mechi imekwisha. Kwotabeki wao ni Vince Young, aliyechaguliwa wa tatu katika drafti ile ile. Kiwanuka anapita, anamfikia, anamkumbatia kwa mikono yote miwili. Kisha anamwachia. Young anatazama, haamini, anakimbia yadi 19. Titans wanasawazisha, halafu wanashinda 24-21 kwa mpira wa kupigwa mguu dakika za mwisho.

Watu walimcheka sana kwa tukio hilo. Mimi naliona ndilo linaloeleza vizuri zaidi tofauti ya madaraja haya mawili, chuo na kulipwa. Alieleza baadaye kwamba alidhani mpira umeshatoka mkononi mwa Young, akaogopa adhabu. Kumgonga kwotabeki baada ya kurusha ni yadi 15 na majaribio mapya, na dakika ile adhabu hiyo ingewaua Giants vile vile. Kwa hiyo hakusinzia. Alikuwa anawaza sheria, saa na matokeo kwa wakati mmoja huku mikono ikiwa kazini, na mikono ikafuata wazo lililokosea. Chuoni mambo hayo mwili huyafanya bila kuuliza. Mwaka wa kwanza wa kulipwa kila kitu kinapitia kichwani kwanza, na kichwa kinachelewa.

Mwaka 2007 akaja mratibu mpya wa ulinzi, Steve Spagnuolo, na dawa ya msongamano wa walinzi wa ukingo: Kiwanuka asogezwe nyuma, awe linibeka. Kwa msomaji wa mpira wa miguu, fikiria mshambuliaji wa kati unayemwambia kuanzia leo acheze kiungo mkabaji. Linibeka anaanza amesimama, hatua kadhaa nyuma ya safu ya mbele. Mpira ukianza, anasoma wakinga: wakisonga mbele, ni mbio za ardhini, aingie, wakirudi nyuma, mpira utarushwa, basi ageuke na kukimbia kinyumenyume akimfuata mtu mwepesi kuliko yeye. Kiwanuka alikuwa ametumia ujana wake wote kujenga hatua ya kwanza ya kwenda mbele. Sasa aliambiwa hatua ya kwanza ni kusubiri. Takwimu za kumwangusha kwotabeki haziwezi kupona hapo, kwa sababu mara nyingi hata hatumwi kumfuata.

Alijitahidi, na kwa mgeni wa nafasi ile alifanya vizuri. Kisha Novemba 2007, kwenye mechi dhidi ya Detroit, akavunjika mguu. Kwenye fainali ya Februari 2008 Giants waliwashangaza New England Patriots, waliokuwa hawajafungwa msimu mzima, 17-14. Kwotabeki wao, Tom Brady, aliangushwa mara tano. Ile safu ya walinzi wa ukingo, ambayo kwa ajili yake Kiwanuka alihamishwa, ndiyo iliyofanya kazi, na yeye alikuwa nje.

Halafu mambo yakageuka. Strahan alistaafu kiangazi cha 2008, Umenyiora akaumia goti kabla ya msimu kuanza. Kiwanuka akarudishwa ukingoni na akapata maangusho 8, msimu wake bora kabisa. Hapa ndipo hoja ya kushuka kiwango inapovunjika. Mpe mtu kazi aliyoajiriwa kwa ajili yake, na namba zinarudi, hata mbele ya wakinga wa kulipwa. Mwaka 2010 alianza kwa moto zaidi, 4 katika mechi tatu za kwanza, ndipo diski ya shingo ikamtoa msimu mzima.

Kuna njia nyingine ya kufika kwenye ligi ya kulipwa, isiyopita chuoni. Mkenya Daniel Adongo alikuwa mchezaji wa raga. Indianapolis Colts walimsajili mwaka 2013 akiwa hajawahi kucheza mchezo huu hata shuleni, na Desemba ya mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kucheza kwenye ligi hiyo. Mwili alikuwa nao wote. Alichokosa ni ile miaka minne ya kurudia kitu kimoja mbele ya wakinga wa kawaida, mpaka mkono ujue pa kupiga. Alicheza mechi chache tu.

Kiwanuka aliporudi mwaka 2011 alikuwa linibeka tena, safari hii akijua anachofanya. Giants walifika fainali ya Februari 2012, iliyochezwa Indianapolis, mji aliozaliwa, wakawashinda Patriots tena, 21-17. Alianza mechi hiyo kwenye nafasi aliyopewa miaka mitano kabla kwa kukosa pa kumweka. Mwaka 2013, timu ilipoanza kwa kufungwa mechi sita mfululizo, alirudi ukingoni akiwa na miaka 30 na shingo yenye historia, akamaliza na maangusho 6, mengi kuliko msimu wowote tangu 2008. Machi 2015 klabu ikamwachia.