Watumishi Hewa na Mikono ya Watu

Sisi walimu tunalo daftari moja ambalo watoto walijua kuliko vitabu vyote, nalo ni daftari la mahudhurio. Kila asubuhi mwalimu huita majina, na kila mtoto huitikia kwa jina lake. Asiyeitikia huandikwa kwamba hayupo. Mwalimu akiandika kwamba mtoto yupo, hali mtoto yuko kwao amelala na homa, amesema uongo kwa kalamu ijapokuwa hakufungua kinywa. Jambo hili ni jepesi, hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kulifahamu. Walakini nchi yetu ya Tanzania ilikaa miaka mingi bila kulitimiza katika daftari lililo kubwa kupita yote, yaani orodha ya watu wanaolipwa mshahara na Serikali.

Katika insha hii nataka kupima neno moja na hesabu moja. Neno ni hili, “watumishi hewa”, ambalo kila mtu amelisikia. Hesabu ni ile ya watumishi hao iliyotangazwa tangu mwaka 2016. Sitaki kumtukana mtu, wala sitaki kumtetea mtu. Nataka kuuliza kama neno hilo lasema kweli, na kama hesabu hiyo ilitufikisha mahali ilipopasa kutufikisha.

Kwanza na tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mwezi wa Machi 2016 Rais John Magufuli, alipokuwa akiwaapisha Wakuu wa Mikoa, aliwaamuru wawatafute watumishi hewa katika mikoa yao na kuyaondoa majina yao katika orodha, akawapa siku 15 tu. Mtumishi hewa ni jina lililomo katika orodha ya mshahara, lakini mtu mwenyewe hayupo kazini: pengine amekufa, pengine amestaafu, pengine ameacha kazi akaenda zake, na pengine hakuwapo kamwe. Mwezi wa Aprili Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga aliondolewa katika cheo chake, kwa sababu alikuwa amesema kwamba mkoani kwake hakuna hata mmoja, na watu waliotumwa kuhakiki wakawaona 45. Mwezi wa Mei hesabu ya nchi nzima ilipita 10,000, na baadaye ikapita 19,000.

Kazi hiyo naisifu, tena kwa moyo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimekwisha kutaja mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, mishahara iliyolipwa kwa watu wasiokuwapo, wala hapakutokea kishindo kikubwa. Kiongozi aliyesimama akasema yatosha, alifanya neno ambalo wengi kabla yake walilijua wakaliacha. Tena lile jambo la Shinyanga lilifundisha watu kwamba sifuri nayo ni hesabu, na anayeiandika yampasa awe ameihesabu kweli.

Basi sasa na tulitazame neno. Hewa ni kitu kisichoshikika. Haina mkono wala haina mfuko. Mtu akisema kwamba fedha zimeliwa na hewa, ni kama amesema kwamba hakuna aliyezila. Hapo ndipo neno letu linapotupoteza. Hewa haiendi benki kufungua akaunti. Hewa haitii sahihi. Ili jina la marehemu liendelee kupokea mshahara, yapasa mtu aache kupeleka habari ya kifo, au aipokee na kuiweka chini ya karatasi nyingine. Yapasa mwingine aipitishe orodha ya mwezi bila kuuliza kama walioandikwa wapo. Na fedha zikiisha kuingia benki, yapasa mtu wa tatu azitoe. Wote watatu wana majina na wana nyumba, na labda Jumapili wana mahali pao pa kukaa kanisani.

Nitasimulia jambo moja nililoliona mwenyewe. Katika shule moja niliyofundisha zamani, mwenzetu mmoja alifariki. Tulimzika siku ya Jumanne, na jioni ile ile katekista akafungua kitabu cha kanisa akaandika jina lake, na umri wake, na siku ya kuzikwa kwake. Mwalimu mkuu naye akaandika barua kwa wakubwa wa kazi. Hata hivyo kwa muda wa miezi mitano jina la marehemu lilionekana katika orodha ya mishahara pamoja na majina yetu. Mjane wake hakupokea hata senti. Siku moja akatuuliza, “Walimu, huyo anayelipwa ni nani, na mimi ndiye niliyemfunga sanda?” Hatukuwa na jibu. Kitabu cha katekista, ambacho bei yake ni ndogo sana, kilijua kweli siku ile ile. Daftari kubwa lilihitaji miezi mitano, na aliyezichukua fedha zile hatukuambiwa hata leo.

Kwa hiyo nasema, jina hili la hewa ni jina la huruma lililowekwa mahali pasipostahili huruma. Wahenga walisema, “Kikulacho ki nguoni mwako.” Hawakusema ki hewani. Laiti kila tangazo la hesabu ile lingalifuatwa na tangazo la pili: waliotunza majina hayo ni wangapi, waliofikishwa mahakamani ni wangapi, na fedha zilizorudi katika hazina ni kiasi gani. Tangazo la kwanza sisi wa vijijini tulilisikia kwa sauti kuu, na kila lilipotolewa hesabu ilikuwa imeongezeka. La pili lilitufikia vipande vipande, kwa sauti ndogo. Mwenye shamba akitangaza idadi ya mahindi yaliyoibwa, asiseme neno juu ya mwizi, jirani zake watastaajabu, na mwizi atalala usingizi.

Na sasa tuitazame hesabu yenyewe. Hesabu njema yatwambia inahesabu nini. Ukiweka katika kapu moja maembe na mawe, kisha ukasema una vitu 100, hukusema uongo, lakini hukumsaidia mwenye njaa. Katika uhakiki wa miaka ile kulikuwa na watu wa namna nyingi. Kulikuwa na majina ya wafu. Kulikuwa na wenye vyeti vya kughushi, ambao mwezi wa Aprili 2017 ilitangazwa huko Dodoma kwamba ni watu 9,932. Hao hawakuwa hewa. Walikuwa watu wenye mwili, na wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi. Kosa lao lilikuwa kosa kweli, maana cheti cha uongo ni uongo. Lakini mwaka 2022 Serikali ilikubali kuwarudishia michango yao wenyewe waliyokatwa katika mishahara kwa ajili ya uzee, na ilifanya vema, kwa kuwa jasho la mtu ni lake hata kama cheti chake si chake.

Tena kulikuwa na wale wa darasa la saba. Sharti la kumaliza kidato cha nne kwa kazi za Serikali lilianza tarehe 20 Mei 2004. Walioajiriwa kabla ya siku hiyo waliingia kwa mlango uliokuwa wazi, hawakumdanganya mtu. Hata hivyo wako walioondolewa, na mwaka 2018 Serikali ikaagiza warudishwe kazini. Fikiri, ndugu msomaji, habari ya mlinzi au dereva aliyerudi nyumbani bila kazi kwa sababu mtu fulani alihesabu kwa haraka. Uzuri ni kwamba kosa lilikiriwa na kusahihishwa. Lakini lingaliweza kuepukwa kama kila aliyetajwa angalipewa nafasi ya kujibu kabla ya jina lake kukatwa. Mwalimu mwenye busara, mtoto asipoitikia, huuliza kwanza, “Nani amemwona?” Hamwandiki kuwa mtoro kabla ya kuuliza.

Na gharama ililipwa na nani? Mwezi wa Juni 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya na kupandisha vyeo, ili uhakiki umalizike. Kusimamisha mambo kwa muda ili kusafisha daftari si vibaya. Walakini vijana waliotoka vyuoni walikaa nyumbani wakingoja, na watumishi waliostahili kupanda walibaki pale pale. Waliokuwa wakila fedha za wafu walikuwa wamekwisha kuzila. Walio hai na waaminifu ndio walioambiwa kungoja. Katika shule zetu darasa lisilo na mwalimu halikujazwa kwa kuambiwa kwamba hesabu inaendelea. Kwa sababu hiyo nasema kwamba uongo katika orodha ya watumishi si jambo la wakubwa tu. Humfikia mtoto aketiye chini ya mwembe, na mama anayeikuta zahanati imefungwa.

Labda utauliza, basi nani ahakikishe hesabu za Serikali? Katiba yetu imekwisha kujibu. Katika ibara ya 143 imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye kila mwaka hukagua hesabu na kumpelekea Rais ripoti yake, nayo ripoti huwekwa mbele ya Bunge. Huu ni mpango mwema sana. Lakini wahitaji masikio yenye uvumilivu. Mwaka 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu wa wakati ule, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alikuwa amelitaja kuwa lina udhaifu. Mimi nafundisha lugha, na neno hili udhaifu nalijua. Ni neno la kila siku katika kazi ya ukaguzi. Mkaguzi wa shule huliandika katika daftari langu, nami siku ile silali vizuri, lakini simfungii mlango mwaka ufuatao.

Vivyo hivyo juu ya takwimu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa, ikawa kosa kutangaza takwimu zenye kupinga zile za Serikali. Mwezi wa Juni 2019 ikabadilishwa tena, na kosa hilo likaondolewa. Nashukuru kwamba liliondolewa. Hesabu iliyo kweli haiogopi kuhesabiwa mara ya pili. Mtoto aliyepata jibu sahihi ubaoni humpa mwenzake chaki kwa furaha. Yule aliyekisia ndiye hufuta upesi.

Najua baadhi ya wasomaji wa gazeti hili watasema, “Mwalimu, mamlaka yametoka kwa Mungu. Si kazi ya Mkristo kuwauliza wakubwa habari za fedha.” Nawaheshimu wanaosema hivyo, maana wengine ni wazee wangu. Lakini na tukumbuke ule mfano wa Bwana wetu juu ya wakili aliyeshitakiwa kutapanya mali: bwana wake alimwita, akamtaka atoe hesabu. Kuulizwa hesabu hakukuwa tusi, kulikuwa sehemu ya uwakili wenyewe. Tena Mtume Paulo, alipochanga fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuzichukua peke yake. Alitaka ndugu wengine wafuatane naye, ili asiwepo wa kumlaumu. Ikiwa Mtume alitaka mashahidi, je, mwandishi wa mishahara ni mkubwa kuliko Mtume? Amwulizaye mtawala hesabu kwa adabu amemheshimu, kwa kuwa amemwona kuwa wakili, si mwizi.

Lakini tusiishie kuwanyoshea kidole walio mbali. Taratibu za serikali za mitaa zataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na watu wasomewe mapato na matumizi. Ni wangapi kati yetu wanaokwenda? Na tukienda, ni wangapi wanaouliza? Nimeona mikutano ambayo hesabu ilisomwa upesi kama sala ya mtu mwenye njaa, watu wakapiga makofi, wakaondoka. Kisha mwaka mzima tunanung’unika kilabuni na kisimani. Tukiogopa kumwuliza jirani yetu habari ya shilingi za zahanati, tutapata wapi moyo wa kuuliza habari za mabilioni?

Kwa hiyo shauri langu ni dogo. Mtumishi akifa kijijini, au akistaafu, au akihama, wazee waandike siku yenyewe katika daftari la kijiji, na nakala ipelekwe wilayani, na mtu mmoja apewe kazi ya kuuliza baada ya mwezi kama jina limeondolewa. Katekista wetu hufanya hivyo kwa ajili ya roho za watu bila malipo. Na sisi tuache kusema kwamba hewa imekula mshahara. Tuseme kwamba mtu ameula, kisha tuulize kwa upole ni nani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza, daftari bila mwulizaji ni karatasi tu. Yule mjane bado yuko hai, na swali lake bado lingoja jibu.