Mkono hupimwa asubuhi moja, gongo hutaka misimu

Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Wote wawili walichukuliwa wakiwa warushaji. Kisha Pittsburgh Pirates wakamsajili Mganda mwingine, David Matoma, naye pia mrushaji. Anayefuatilia besiboli ya ukanda wetu hana budi kuuliza: mbona kila mara kinachonunuliwa ni mkono, na gongo linaachwa nyumbani?

Jibu, kwa maoni yangu, haliko kwenye vipaji vya vijana hao. Liko kwenye namna vipaji vinavyopimwa. Nalichambua hapa kwa sababu siku msaka vipaji wa klabu hizo atakapovuka feri kuja Likoni, hapa Mombasa, au kupanda matatu ya Bamburi kwenda kutazama wanafunzi wa Kisauni, kipimo atakachokuja nacho ndicho kitakachoamua kijana wetu atakuwa nani. Na anayeumizwa zaidi na kipimo hicho ni kijana adimu kuliko wote: anayerusha na kupiga kwa kiwango kimoja, mchezaji wa pande mbili.

Tuanze na mkono. Kuupima ni kazi nyepesi. Unamhitaji kijana, mpira, mtu wa kudaka, na kifaa cha rada cha aina ile wanayotumia polisi wa trafiki kuwanasa madereva wa mwendo wa kasi. Kijana anapasha misuli, anarusha mipira thelathini, na tarakimu ziko mbele yako. Kilomita 145 kwa saa ni 145, iwe umezipima Tokyo au kwenye kiwanja cha vumbi Miritini. Kutoka kwenye kibao cha mrushaji hadi besi ya nyumbani ni mita 18.44, na mpira wa kasi hiyo humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijaisha. Hapo mrushaji hahitaji mpinzani wala ligi. Hahitaji hata kuzijua sheria zote za mchezo. Ndiyo maana msaka vipaji anaweza kushuka ndege Entebbe, akatazama vijana ishirini kwa siku mbili, akaondoka na jina la mmoja akiwa na hakika ya alichokiona.

Hata hivyo rada haimalizi kazi, na msaka vipaji mzuri haishii kuitazama tarakimu tu. Anasimama kwanza nyuma ya mdakaji, aone mpira unavyokuja: unanyooka, unazama, au unakata pembeni mwishoni? Kisha anahamia upande ambao kifua cha kijana huelekea anapojiandaa kurusha, kwa sababu hapo ndipo mwili wote unaonekana. Anauangalia mguu wa mbele unapokita chini. Wakati huo mkono uwe tayari umeinuka. Ukiwa bado unapanda huku kifua kimeshageuka, kiwiko ndicho kinachobeba mzigo, na kiwiko cha kijana wa miaka 16 hakina deni kisilolipa. Anahesabu katika kila mipira kumi ni mingapi iliyofika pale glavu ilipowekwa. Halafu anasubiri mipira kumi ya mwisho. Kasi ikishuka kilomita mbili, hakuna neno. Ikishuka nane, ujue mwanzoni kijana alikuwa akirusha kwa pupa ya kuonekana.

Gongo ni habari nyingine kabisa. Kipigo hakina thamani yake peke yake. Thamani yake inatokana na aliyerusha. Mvulana wa Changamwe akiutoa mpira nje ya uwanja mara tano, na mpira wenyewe ulikuja kwa kilomita 95 kwa saa, umejifunza kwamba ana nguvu na hujajifunza mengine. Unachokitafuta ni vitu viwili ambavyo havionekani kwa siku moja. Cha kwanza ni mipira anayoiacha. Mpigaji wa kweli anautambua mpira mbaya ukiwa bado karibu na mkono wa mrushaji, anaanza kusogea, kisha anajizuia. Cha pili ni marekebisho: mrushaji aliyemlaghai kwa mpira wa kupinda saa tisa, akirudi na mpira uleule saa kumi, kijana anafanya nini? Kuyaona haya sawasawa kunahitaji mamia ya zamu za kupiga, mbele ya warushaji wanaojua kazi. Pasipo na mashindano ya namna hiyo, jicho la mpigaji linabaki bila ushahidi.

Tazama safari ya Gift Ngoepe, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani. Alizaliwa Afrika Kusini na kukulia ndani ya klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama yake alifanya kazi na ambako waliishi. Alilijua gongo tangu utotoni, akapita kwenye akademia ya ligi hiyo nchini Italia, akasajiliwa na Pirates mwaka 2008. Hata hivyo ilimchukua hadi tarehe 26 Aprili 2017 kufika uwanja mkubwa, ambako zamu yake ya kwanza aliupiga mpira wa Jon Lester na kufika besi. Ulinzi wake ulisifiwa wakati wote. Lililomchelewesha ni gongo: katika mechi 28 za mwaka huo wastani wake wa kupiga ulikuwa .222. Ikiwa aliyelelewa ndani ya klabu alitaabika hivyo, basi klabu inayomtazama kijana asiye na ligi inaona ni salama zaidi kununua mkono. Siilaumu. Nasema tu kwamba hesabu hiyo inampoteza mchezaji wa pande mbili kabla hajajulikana.

Sasa tuone walivyofanya waliomjua. Shohei Ohtani alipokuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Hanamaki Higashi, mkoa wa Iwate, alirusha mpira wa kilomita 160 kwa saa mwaka 2012. Tarakimu hiyo pekee ingetosha kumfanya mrushaji maisha yake yote. Alitangaza kwamba angekwenda moja kwa moja Marekani, lakini Hokkaido Nippon-Ham Fighters wakamchagua kwenye drafti ya Oktoba mwaka huohuo, kisha wakamfuata na mpango ulioandikwa, ukiwamo uchambuzi wa yaliyowapata vijana waliotangulia kwenda ng'ambo mapema. Ndani yake walimwahidi jambo ambalo halikuwa la kawaida: utarusha, na utapiga.

Utekelezaji ndio unaonivutia zaidi kuliko ahadi. Kocha Hideki Kuriyama hakumwachia kijana kila kitu kila siku. Miaka ya mwanzo Ohtani alirusha takriban mara moja kwa wiki, na siku zinazopakana na siku ya kurusha mara nyingi hakupiga. Mwaka 2014 alishinda mechi 11 akiwa mrushaji na kuutoa mpira nje ya uwanja mara 10, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi ya kulipwa ya Japani. Mwaka 2016 wakatwaa ubingwa naye akawa mchezaji bora wa ligi yake. Walikuwa wameona pia kitu ambacho rada haioni: Ohtani hurusha kwa mkono wa kulia na hupiga kwa kushoto. Mpigaji wa kushoto husimama hatua moja karibu zaidi na besi ya kwanza, na kijana mrefu mwenye mbio akipewa hatua hiyo huwasumbua walinzi wa ndani.

Nchini Marekani mambo yameenda tofauti. Hunter Greene alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2017 akitoka shule ya sekondari, mlinzi wa ndani wa nafasi ya shotistopu, mwenye mkono wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Cincinnati Reds walimwacha apige katika mechi chache tu, kisha wakamfunga kwenye kurusha. Mwaka 2019 alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Masyn Winn naye alichaguliwa na St. Louis Cardinals mwaka 2020 akiwa wa pande mbili, lakini wao wakaamua kinyume: akawa shotistopu, na mkono uleule wa kurusha ukawa silaha yake ya kutupia mpira besi ya kwanza. Vijana wawili wenye mikono ya ajabu, maamuzi mawili, na yote mawili yalianzia kwenye maoni ya mtu aliyekuwa na daftari pembeni mwa uwanja wa shule.

Daftari hilo lina mtego. Wasaka vipaji wa Marekani hutumia kipimo cha 20 hadi 80, ambapo 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu. Kwa kila sifa huandikwa tarakimu mbili: ya leo, na ya atakapokomaa. Mrushaji hupimwa kasi, mpira wa kupinda, mpira wa taratibu na uelekezaji. Mpigaji hupimwa kupiga kwa uhakika, nguvu, mbio, ulinzi na mkono wa kutupia. Umeuona mtego? Mkono uko pande zote mbili. Kijana mwenye mkono wa 70 anapandisha ripoti ya urushaji, kisha mkono huohuo unapandisha ripoti ya uchezaji wa ndani, na mtazamaji asiye makini anadhani ameona vipaji viwili ilhali ameona kimoja mara mbili. Dawa yangu ni watu wawili, siku mbili, madaftari mawili, na asiwepo anayesoma la mwenzake hadi yote yawe yameandikwa. Mchezaji wa pande mbili ni yule ambaye hata ukiufuta mkono kwenye ripoti ya mpigaji, bado ungemsajili.

Tukirudi kwetu, kuna jambo la anga ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kampala karibu 1,200, nasi tuko ufukweni. Hewa ya juu ni nyepesi: mpira uliopigwa unasafiri mbali zaidi, na mpira wa kupinda unapinda kidogo. Huku chini hewa nzito inaukamata mpira. Kwa hiyo mpigaji anayeonekana wa kawaida kwenye kiwanja cha Mtongwe, huku Kusi ikimvumia usoni, huenda ni bora kuliko anavyodhaniwa, na mrushaji ambaye mpira wake unapinda vizuri Port Reitz apimwe tena juu kabla hajasifiwa. Msaka vipaji atakayekuja na orodha moja kutoka Nairobi na Mombasa bila kulizingatia hili atampunja mpigaji wa Pwani.

Nani wa kutazamwa? Watoto wengi wa Kisauni na Likoni hawajawahi kushika gongo la besiboli, lakini kurusha wanakujua. Aliyekulia chini ya miembe ya Shika Adabu amepopoa maembe tangu akiwa na miaka mitano, na ukimtazama utaona nyonga inatangulia na mkono unafuata bila ya kufundishwa na mtu. Mikono hiyo ipo. Kinachokosekana ni mechi za kuzaa ushahidi wa gongo. Tanzania wamepiga hatua: kwenye Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na wanafunzi wana mashindano yao ya kitaifa yaliyopewa jina la Koshien, kama yale ya sekondari za Japani. Kijana wa pale akisema anapiga, kuna mahali alipopigia.

Kwa mwalimu wa michezo wa Changamwe aliye na kijana wa pande mbili, la kwanza ni kuulinda mkono wenyewe. Miongozo ya Pitch Smart inayotumiwa Marekani inaruhusu kijana wa miaka 15 na 16 kurusha mipira isiyozidi 95 kwa siku, na mwenye miaka 17 na 18 isizidi 105. Akifika idadi kubwa apumzike siku nne. Inashauri pia mrushaji asifanywe mdakaji, kwani mdakaji naye hurudisha mpira baada ya kila mrusho na kiwiko hakijui tofauti. Kijana wa pande mbili ndiye anayevunjiwa kanuni hii kila siku, kwa kuwa ndiye bora katika kila nafasi. Mwalimu aandike kila mrusho, pamoja na ile ya mazoezini.

La pili ni karatasi. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilifuzu kwa fainali za dunia za Little League kule Williamsport, ikanyimwa viza kwa sababu ya hitilafu katika nyaraka za umri. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafika, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko, na ikaifunga timu ya Oregon 3-2. Kilichowatenganisha si ubora wa mikono. Klabu za Marekani haziwezi kumsajili kijana wa ng'ambo kabla ya miaka 16, na umri wake huchunguzwa kwa makini. Cheti cha kuzaliwa kilichochukuliwa kwa kuchelewa, jina limeandikwa hivi kwenye cheti na vile kwenye usajili wa shule: hayo yarekebishwe kijana akiwa gredi ya saba, isisubiriwe siku ya kuomba pasipoti.

La tatu ni picha. Simu ya kawaida inatosha. Kila mechi, zamu zote za kupiga zirekodiwe kutoka nyuma ya mdakaji, na zisichaguliwe zile nzuri tu. Iandikwe nani alirusha, kwa kasi gani, na mpira gani uliachwa. Akifanya hivyo misimu miwili, msaka vipaji atakapofika na rada yake atakuta faili la zamu mia mbili au mia tatu, na kwa mara ya kwanza atakuwa na cha kupima upande wa pili.