Kazi ya Mkono wa Kushoto

Anayetaka kujua klachi ya pikipiki ina hali gani asiijaribu kwenye lami ya Bukoba mjini. Aipandishe Kamachumu akitokea Muhutwe, nyuma kafunga mikungu ya ndizi na abiria kabanana katikati. Mlimani dereva anabana mkono wa klachi nusu, anapiga resi, anaachia kidogo, anabana tena, mradi injini isizime. Kila afanyapo hivyo sahani za klachi zinasuguana na kupata moto. Klachi nyingi za wilaya hii ya Muleba huishia kwenye vilima, na mafundi wa huku wamekuwa hodari kwa sababu hiyohiyo.

Ninayemsifu hapa ni yule anayetengeneza nyumbani, uani, kwenye turubai lililotandikwa kando ya mibuni. Pikipiki yake ni kuukuu. Pengine ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 kwa kufikiria nchi ambako matunzo ni ya shida, au ni SanLG, ambayo injini yake mara nyingi imefuata muundo uleule, maana viwanda vya China viliuiga sana. Aliyeijua moja hapati tabu na nyingine.

Ustadi wake unaonekana kabla hajashika spana. Klachi ina magonjwa mawili yanayopingana. La kwanza ni kuteleza: injini inanguruma lakini pikipiki haina nguvu ya kupanda. La pili ni kung'ang'ania: umebana mkono mpaka mwisho, ukiweka gia namba moja pikipiki inaruka mbele, na nyutro haipatikani mpaka uzime. Fundi wa haraka hutaja sahani mpya kwa yote mawili. Fundi ninayemheshimu huanzia kwenye mkono. Ncha yake icheze milimita 10 hadi 20 kabla waya haujakaza. Ukiwa umekazwa mno, springi hazipati nafasi ya kuzibana sahani sawasawa, nazo zinateleza. Ukilegea mno, haziachani. Klachi nyingi zinazoitwa mbovu hupona hapo, kwa kuzungusha nati ya kurekebishia.

Kisha waya. Anauchomoa, anautundika kwenye msumari, anafunga kipande cha nailoni juu yake kama faneli na kudondoshea oili. Kwanza inatoka chini nyeusi, yenye vumbi na kutu. Anaendelea mpaka itoke safi. Kama nyuzi zimeanza kukatika karibu na kile kichwa cha mwisho, anaununua mwingine leo, kwa sababu kesho utakatika Kamachumu.

Swali linalofuata ni la oili: "Mzee, mara ya mwisho ulitia oili gani?" Klachi hizi zinaogelea kwenye oili ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, jambo jema kwa gari na baya kwa sahani. Wajapani waliliwekea kiwango mwaka 1998. Kwenye kopo la oili ya pikipiki tafuta maandishi JASO MA.

Hayo yote yakishindikana ndipo anafungua. Anamwaga oili, anatoa kiki, kisha kifuniko cha upande wa kulia. Bolti za kifuniko hazilingani urefu, kwa hiyo huchora umbo lake kwenye boksi na kuchomeka kila bolti mahali pake. Za springi anazilegeza kwa kukingamisha, kidogo kidogo. Sahani za chuma anazilaza kwenye kioo cha dirisha: iliyopinda inacheza, iliyoungua ina rangi ya samawati. Zenye msuguano anazipima unene, kisha anakagua meno ya kikapu kinachobeba sahani. Yakiwa yamechimbika, sahani zinanasa badala ya kuteleza zikiachana. Kwa michimbiko midogo, tupa inatosha.

Wapo wanaoweka washa chini ya springi zilizochoka. Sikubaliani nao kabisa. Mkono unakuwa mzito, dereva anaumwa kiganja, na ugonjwa umefichwa tu.

Kwa Wahaya wa huku, kujua chuma si jambo la jana. Kemondo, kwenye barabara hiihii ya Bukoba na Muleba, yamechimbuliwa matanuri ya kale. Katika miaka ya 1970 wazee Wahaya waliokuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa miongo mingi walijenga tanuri upya mbele ya mtafiti Peter Schmidt. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science jinsi mabomba ya udongo yalivyoingizwa ndani kabisa ya tanuri, hewa ikapashwa moto kabla ya kuufikia mkaa. Wazee wale hawakusoma kitabu. Walikumbuka kwa mikono, kwa kujaribu na kurudia, na ujuzi wa namna hiyo ndio ninaouona nikimtazama kijana anavyochagua springi kwa kuzisimamisha pamoja na kulinganisha kimo.

Sahani mpya hulala ndani ya oili usiku kucha kabla ya kufungwa. Gasketi ikichanika, hukata nyingine kwa karatasi ngumu, akiigongagonga kwa nyundo ndogo kwenye ukingo wa kifuniko mpaka umbo litokee. Siku chache baada ya kurudi kazini sahani zinakaa, na mchezo wa mkono unabadilika. Mwenye pikipiki anatakiwa airudishe uani siku hiyo, hata kama haoni shida yoyote, ili ile nati izungushwe tena.