Kabla ya Modeli

Modeli ni kazi ya alasiri moja. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika uchambuzi wa data za biashara anaandika mistari michache ya Python, anabonyeza, na kabla chai haijapoa kompyuta imeshamtolea utabiri wenye desimali nne. Nikipewa mradi wa mwisho wa namna hiyo niusome, desimali huziruka kwanza. Naenda kwenye sura ya data, ile ambayo wengi huiandika kwa uvivu, kwa sababu humo ndimo fundi anapojulikana.

Tuchukue duka la jumla la Kariakoo, linalowauzia sukari, sabuni, unga na tambi wenye maduka madogo wa Tandika na Mbagala. Mwenye duka anataka kujua aagize nini miezi mitatu ijayo. Mwanafunzi anakabidhiwa faili la mauzo kutoka kompyuta ya kaunta, taarifa ya malipo ya simu, na kaunta buku la madeni lenye jalada lililolegea. Utamu unaanzia hapo. Namba ya simu ya mteja yule yule huku inaanza na 07, kule na 255, na kwingine haina sifuri ya mbele, kwani Excel imeidhania ni namba ya kujumlisha ikaikata. Mteja mmoja ni Mama Asha, ni M/Asha, ni Asha Tandika. Sabuni imeuzwa kwa katoni, ikauzwa kwa mche, na mahali pengine imeandikwa 6 tu, bila kusema sita nini.

Kisha kuna saa. Kijana wa kaunta ameandika kwenye buku "saa 2", na kwake hiyo ni asubuhi, wateja wa kwanza wakiwa mlangoni. Kompyuta inasoma saa nane za usiku. Ukichora grafu bila kuuliza, utaionyesha Kariakoo nzima ikigombania sabuni wakati hata walinzi wamesinzia. Utasema dawa ni nyepesi: ongeza sita, basi. Lakini "saa 1" yaweza kuwa ya asubuhi duka linapofunguliwa, au ya usiku linapofungwa, na aliyeandika hakuona haja ya kufafanua, maana yeye alikuwapo. Anayejua kazi hutazama mstari uliotangulia na unaofuata, akaona kama ukurasa ndio unaanza au unakwisha. Pasipojulikana, hufunga kompyuta akapanda daladala kwenda kumuuliza kijana mwenyewe. Hiyo nauli ya daladala, kwa maoni yangu, inastahili alama kuliko sura nzima ya nadharia.

Sifuri nazo zina hila zake. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika Tanzania baada ya mvua kubwa kuvuruga uvunaji wa miwa na kazi za viwanda, hata serikali ikatangaza bei elekezi. Duka kama hili, safu yake ya sukari kwa wiki zile itajaa sifuri, na modeli, isiyosoma magazeti, itaelewa kwamba watu wameacha kunywa chai yenye sukari. Kumbe walikuja, wakauliza, wakaondoka mikono mitupu, na hakuna faili linalomwandika mteja aliyeondoka mikono mitupu. Fundi huzitenga sifuri za "haikununuliwa" na sifuri za "haikuwapo", hata kama kwenye jedwali zinafanana kama mapacha. Ni kazi ya kuchosha, inataka kufukua ankara za mwagizaji na kuzilinganisha na siku moja baada ya nyingine, na ikishakwisha hujaza aya mbili tu za tasnifu.

Kalenda pia. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, ndiyo maana Ramadhani ya 2021 ilianza katikati ya Aprili na ya 2024 ikaanza kabla ya katikati ya Machi. Modeli iliyofundishwa kwamba tambi na tende hupanda Aprili itakuletea mzigo watu wakiwa wameshakula Idi.

Adabu ninayoipenda kuliko zote ni ndogo kabisa: kuhesabu mistari kabla na baada ya kila hatua. Mteja akiwa ameorodheshwa mara mbili, ukiunganisha majedwali kila alichonunua kitahesabiwa mara mbili, na programu haitakuambia kitu. Wala si majedwali ya wanafunzi peke yao. Oktoba 2020 Uingereza iligundua kwamba visa 15,841 vya korona havikuingia kwenye hesabu za kila siku, kwa kuwa majibu ya vipimo yalipitishwa kwenye muundo wa zamani wa Excel ambao jedwali lake haliwezi kuzidi mistari 65,536. Yaliyozidi yaliachwa nje, na faili likafunguka vizuri tu.

Modeli ina heshima yake, sikatai. Ila mwaka 1982 Spyros Makridakis na wenzake walichapisha matokeo ya kushindanisha njia za utabiri kwa mifululizo 1,001 ya takwimu, na njia ngumu hazikuonyesha kwamba lazima ziwe sahihi kuliko zile nyepesi. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye staha huweka kando miezi ya mwisho ya data, haigusi, kisha anaipambanisha modeli yake na kanuni ya mchuuzi yeyote: mwezi huu utauza kama mwezi kama huu mwaka jana. Kanuni ya mchuuzi ikishinda, anaandika kwamba imeshinda. Kuiandika sentensi hiyo, huku ukijua siku ya utetezi watahini watatu watakaa mbele yako na nakala zao, kunataka kifua.

Mwenye duka hatasoma tasnifu. Atapewa ukurasa mmoja: katoni za sabuni, mifuko ya unga, tambi ziingie wiki ngapi kabla ya mfungo. Kwenye mstari wa sukari hapana namba, pana maelezo kwamba wiki za uhaba zimeondolewa kwenye hesabu, zilizobaki hazitoshi, na kabla ya kuagiza ampigie simu msambazaji wake.